Kompyuta Niliyoifukiza

Kwangu, mtaa wa Iftin hapa Garissa, sebuleni, kwenye ile kona ambayo jua la mchana halifiki, kuna kompyuta. Si ile nyembamba ya kubeba kwenye begi. Ni ya zamani, sanduku la chuma linalosimama chini ya meza, skrini juu yake, na kibodi ambayo nusu ya herufi zimefutika. Mwanangu aliinunua alipofungua duka la kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Duka likafungwa, yeye akaenda kuendesha lori la Mandera, kompyuta ikabaki kwangu kama mbuzi mwenye mguu mbovu ambaye hakuna anayetaka kumchinja wala kumuuza.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, tukiwa Modogashe, halafu ukame ukachukua mifugo na shule pamoja. Kiswahili nimejifunza sokoni, nikiuza maziwa ya ngamia kwa walimu na askari na abiria wa mabasi. Kwa hiyo mtu asiniulize ndani ya kompyuta kuna nini na nini. Ninachojua ni kwamba ndani ya hiyo yetu yumo mume wangu.

Mwaka wake wa mwisho macho yalikuwa yamemwisha. Alikuwa anakaa pale kwenye kona kwa sababu kuna ubaridi, na mjukuu wetu, binti wa huyo mwanangu wa lori, alikuwa anakaa miguuni pake akitoka shule. Alikuwa darasa la saba. Kwetu mtoto lazima ajue kuhesabu baba zake: baba, babu, baba wa babu, anapanda hivyo hivyo mpaka huko juu. Mzee anamfundisha, na msichana kila akifika wa nane anapotea. Siku moja akachoka kupotea. Akachukua maiki iliyobaki dukani, akaichomeka kwenye kompyuta, akamwekea babu yake karibu na mdomo na kumwambia ataje wote, mara moja, asirudie tena.

Akataja. Anakohoa, anataja. Punda wa jirani analia kati ya babu wa tisa na wa kumi, mzee anamngoja amalize kwa heshima, anaendelea. Akifika babu wa kumi na nne anasimama na kusema, "Naa, chai iko wapi?" Kwetu mwanamume hamwiti mkewe kwa jina mbele ya watu. "Naa" inatosha, mwenyewe anajijua. Hapo inasikika sauti ya mwanamke kutoka jikoni, kali kama kisu kilichotoka kunolewa: "Chai haina miguu. Njoo uichukue."

Huyo ni mimi. Tulikuwa tunaongea Kisomali, lakini hata nikikuandikia kwa Kiswahili ukali wake ni ule ule. Halafu mzee anacheka, halafu baada ya muda kikombe kinawekwa mezani, tik, na yeye anaingia kwa babu wa kumi na tano.

Alikuwa haoni. Mtu haoni, mimi namwambia aje mwenyewe achukue chai. Nilimpelekea, ndiyo, kikombe hicho kinasikika. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Miezi minne baadaye tukamzika, na miaka sita nimekuwa nikilisikia kila wiki, kwa sababu siwezi kumsikia yeye bila kujisikia mimi.

Maana kila Alhamisi, nikimaliza swala ya alasiri, nakaa pale. Mjukuu aliniwekea picha ndogo ya ngamia kwenye skrini. Nabonyeza ngamia mara mbili, mzee anaanza.

Mwaka huu ngamia akaanza kukataa. Nabonyeza, kiduara kinazunguka, nakwenda kuosha vyombo, nakuna nazi, narudi, bado kinazunguka. Mzee akianza anakwama kwenye majina kama mtu mwenye kigugumizi, na maisha yake yote hakuwa nacho. Na ndani ya sanduku kuna sauti, tak, tak, tak, kama mbuzi anatafuna kokoto.

Huyo mjukuu sasa ni msichana mkubwa, anasomea kompyuta chuoni hapa Garissa. Walimu wake wenyewe wanamletea simu zao zilizokufa. Sijisifu. Basi najisifu, ni wangu. Alilala chini akaweka sikio kwenye lile sanduku, vile mababu zake walivyokuwa wakiweka sikio kwenye tumbo la ngamia mgonjwa, akanyanyuka na kuniambia ni diski. Ndani kuna sahani inayozunguka na sindano inayosoma juu yake, na vyote viwili vimechoka. Diski za siku hizi hazizunguki, hazina sindano, hakuna kitu ndani kinachotembea. Atanunua moja, atahamisha kila kitu, kompyuta itakuwa kama mpya.

Nikamuuliza babu yake yuko wapi, kwenye sahani au kwenye sindano. Akasema kwenye sahani. Nikamwambia basi sahani haitoki.

Wiki nzima tulivutana. Mimi mdomo wangu unajulikana Iftin yote. Nilimwambia kama anatafuta kitu cha kujifunzia upasuaji akajifunzie kwenye kompyuta za walimu wake, mume wangu amwache alipo. Nilimwambia hakuna mtu amewahi kuhamisha kaburi ili litembee haraka. Yeye anapepeta mchele tu. Ameumbwa na subira ya babu yake, ile ya kumngoja punda amalize. Siku ya saba akaweka ungo chini.

"Ayeyo," akasema, "ile diski inakufa. Ukinikataza kuitoa, atakufa nayo humo humo. Mara ya pili."

Kwetu bibi ni ayeyo, na bibi naye humwita mjukuu wake ayeyo, jina linakwenda na kurudi kama mpira. Nilimwita ayeyo, nikamwambia alete bisibisi.

Jumamosi asubuhi tulitandika mkeka barazani, chini ya mabati. Akalilaza sanduku kwa ubavu, akafungua misumari yake midogo na kuipanga kwenye kifuniko cha sufuria, akavuta lile bati la pembeni. Akaacha kila kitu. Akakaa akitazama ndani.

Vumbi la Garissa unalijua ukiliona, kila nyumba inalo, linafanana na unga wa mtama. Hilo lilikuwepo. Lakini juu yake na chini yake kulikuwa na kitu kingine, cheusi, kinanata, kimepaka kuta zote za lile sanduku kama masizi ya jiko. Mapanga ya feni yalikuwa yamenenepa. Nyaya zilikuwa zimeshikana. Akapitisha kidole, akakinusa. Mimi sikuhitaji kunusa. Harufu ilikuwa imeshanifikia nilipokaa, tamu, ile ya udi.

"Ayeyo," akasema polepole, "nani amekuwa akichoma kitu karibu na hii kompyuta?"

Sasa nieleze, maana kuna watakaosoma ambao hawakulelewa na ngamia.

Maziwa hayawekwi kwenye chombo kitupu hivi hivi. Kibuyu chetu cha maziwa kinafumwa kwa mizizi, kigumu, hakivuji hata tone. Kabla ya kumimina, mwanamke anachukua vijiti vya mti maalumu, anaviwasha, anavitia ndani na kufunika, moshi unakula zile kuta mpaka zinakuwa nyeusi na kunukia. Hapo maziwa unaweza kusafiri nayo siku nyingi juani, hayaharibiki. Chombo kisichofukizwa kinachachisha. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kufunga shuka vizuri. Mwanamke anayechachisha maziwa ya watu alikuwa anasemwa mpaka visimani.

Basi mzee alipokufa, na sauti yake ikabaki ndani ya lile sanduku, na sanduku liko kwenye joto hili letu, mimi ningefanya nini? Kila Alhamisi kabla ya kubonyeza ngamia nilikuwa naweka makaa kwenye chetezo, natia udi, na kukisogeza nyuma ya sanduku, pale penye vitundu. Na nakwambia lilikuwa linavuta. Moshi haukwenda juu kama moshi mwingine, ulikuwa unaingia kwenye vile vitundu moja kwa moja, kama mtoto anayenyonya. Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa najiambia chombo hiki kinajua kazi yake.

Yote hayo nilimweleza msichana pale mkekani, nikimtazama usoni, maana sijazoea kuinamisha kichwa. Akageuka upande wa ukuta. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Halafu nikaona kumbe anafanya yote mawili.

"Umemfukiza babu," akasema.

"Nilimfukiza asichache."

Alijifuta macho kwa ncha ya hijabu. Nilitaka kujua ukweli, nikamuuliza. Akanieleza kwamba feni imewekwa ili ipoze ndani, ikishanata haizunguki vizuri, joto linabaki, na joto ndilo linaloua diski. Nikasema basi ni mimi niliyekuwa nikimuua, Alhamisi hadi Alhamisi. Akasema vumbi pia lilisaidia, na uzee, diski yoyote ya umri ule ingekuwa imechoka. Alinidanganya kidogo. Nikamwachia anidanganye.

Tukasafisha pamoja. Yeye ana brashi ya rangi na pamba ya spiriti, mimi nina kitambaa. Mapanga ya feni niliyasugua mwenyewe moja moja, kwa kuwa ni mimi niliyeyachafua. Adhuhuri ilitukuta bado tunafuta.

Baada ya swala akaunganisha diski zote mbili. Ile ya zamani aliilaza nje ya sanduku, juu ya kigoda, nyaya zake zimeenda ndani kama mtu aliyetundikiwa maji hospitalini. Ilikuwa kipande cha chuma, nzito, inajaa kiganja. Mpya ilikuwa nyembamba kama biskuti, haina uzito. Niliipima mkononi na nikawa na mashaka nayo. Nilimuuliza kama wanaume ishirini na kitu, babu na babu zake, watatosha humo. Akasema na ngamia zao pia.

Kompyuta ikawashwa kwa programu ya kunakili aliyokuwa nayo kwenye flashi. Kabla hajabonyeza akaniambia jambo moja, na alinishika mkono akiniambia. Programu inasoma diski ya zamani kidogo kidogo. Ikifika mahali palipooza inajaribu, inajaribu, ikishindwa inaruka. Iliporuka panabaki kimya. Nikamuuliza itaruka wapi. Akasema hajui, hakuna anayejua mpaka tusikilize.

Namba zikapanda kwenye skrini. Kumi, ishirini. Nilikaa karibu na kigoda kama anavyokaa mtu karibu na ngamia anayezaa. Ilipofika sitini na kitu ikasimama. Tak, tak, tak. Msichana akagusa ile diski na kuondoa kidole haraka, ilikuwa kama chuma cha kuchomea chapati. Akazima. Hapo ndipo nilipoona kwamba na yeye anaogopa, kwa sababu alianza kuuma kucha, na kucha aliacha kuuma tangu kidato cha kwanza.

Akasema inataka ubaridi. Chuoni kuna chumba chenye mashine ya baridi, lakini Jumamosi kimefungwa, na kuibeba mpaka huko kwenye pikipiki, pamoja na mashimo ya barabara, haitastahimili. Pale barazani kulikuwa na joto la kumfanya mbuzi alale na ulimi nje. Aliketi akitazama ukuta.

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Karibu na mlango wangu kuna mtungi wa plastiki wa maji ya kunywa, umeshonewa gunia kuuzunguka, na gunia nalimwagia maji asubuhi na jioni. Upepo ukipita maji ya ndani yanakuwa baridi, meno yanauma. Sina friji na sijawahi kuitaka. Nikamwambia ailaze diski juu ya mtungi.

Akaniambia maji na stima ni maadui. Nikamwambia sijasema aioshe, nimesema ailaze. Tukabishana hapo. Mwisho akakubali hivi: sahani ya chuma, kavu kabisa, juu ya mtungi, diski juu ya sahani, na mimi nisimwage maji juu, niloweshe gunia kwa chini tu. Na tungoje alfajiri, wakati upepo unatoka upande wa mto.

Jumapili, tulipotoka kwenye swala, bado kuna giza jembamba, tukaanza upya. Nilikuwa nimechuchumaa na kikombe, nalowesha gunia kwa chini kidogo kidogo, na mkono wa kushoto uko kwenye ukingo wa sahani kusikiliza joto. Sahani ilikuwa baridi. Yeye anasoma namba kwa sauti. Sitini. Sitini na tano. Sitini na nane ikasimama, na diski ikaanza kutafuna kokoto zake. Hakuzima. Niliweka kikombe chini, nikazungusha tasbihi mara tatu nzima. Sahani ilikuwa bado baridi chini ya vidole vyangu. Halafu akasema, "Sitini na tisa," kwa sauti ya mtu aliyeshusha mzigo, na kuanzia hapo hazikusimama tena.

Jua lilipofika barazani alikuwa ameshaifunga ile biskuti ndani ya sanduku kwa mkanda, maana nafasi yake ilikuwa imekatwa kwa diski nene. Akafunika bati, akarudisha misumari yote na kuihesabu. Kisha akawasha. Niliinuka kwenda kuleta maji, na kabla sijafika mlangoni skrini ilikuwa imeshaamka na ngamia wangu yuko pale ananitazama.

Hatukungoja Alhamisi. Nilibonyeza.

Alianza bila kigugumizi. Baba, babu, anapanda. Kwa wa nane msichana akataja pamoja naye, kwa sababu siku hizi hapotei. Wa tisa. Punda alikuwepo, amenusurika, analia vilevile, tukacheka wote wawili. Wa kumi, wa kumi na moja, na mimi naanza kupumua. Wa kumi na nne.

"Naa, chai iko wapi?"

Kimya.

Kisha mzee anacheka. Kisha kikombe, tik. Kisha wa kumi na tano, na wote waliobaki, mpaka mwisho, wazima.

Msichana aliweka mkono mdomoni. Akarudisha nyuma, akasikiliza, akarudisha tena. Ni mimi tu niliyekosekana. Neno langu lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, lilikuwa limerukwa. Akaanza kuniomba radhi, akasema atajaribu tena ile ya zamani kesho, chuoni, kwenye chumba cha baridi. Nikamwambia aache, apumzike. Na sikusema kwa upole wa kujifanya. Nilifurahi. Neno nililolionea haya miaka sita limetoka lenyewe, wala sikuomba mtu alitoe. Nilishukuru Mungu na mchana huo nikalala usingizi mzito.

Yeye hakulala. Aliitoa ile sauti na kuiweka kwenye simu yake, na akamtumia baba yake, kwa hiyo sasa mzee anakwenda Mandera na kurudi kwenye lori. Diski ya zamani niliifunga kwenye kitambaa, nikaitia ndani ya kibuyu changu cha maziwa kilichotundikwa ukutani, ambacho siku hizi hakina kazi. Sikuifukiza. Chetezo nacho nilikihamishia mlangoni, kinukie huko kwa wageni.

Alhamisi ikafika. Nikaswali alasiri, nikakaa, nikabonyeza ngamia. Alipofika kwa wa kumi na nne nilikuwa tayari, jibu nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi. Akauliza chai iko wapi. Na pale penye kimya nikamjibu, kwa sauti laini ambayo sijui niliitoa wapi, jibu ambalo ningempa siku ile kama ningekuwa mwanamke mzuri zaidi.

"Naleta," nikasema.

Akacheka.

Na kile kicheko hakikukaa. Kilikuwa kama kofia ya mtu mwingine. Nani anacheka hivyo kwa kuambiwa chai inaletwa? Nikarudisha nyuma, kama nilivyomwona msichana akifanya, na kwa mara ya kwanza nikakisikiliza peke yake. Miaka sita nilikuwa nasikiliza mdomo wangu, sikuwahi kusikiliza tumbo lake. Kilikuwa kinatoka chini kabisa, kinampandisha kikohozi, na mwisho wake kuna kapumzi kadogo, kale ka mtu aliyetupa ndoana na samaki amekuja. Alikuwa ameishi na mimi miaka arobaini. Alijua vizuri atajibiwa nini. Ndiyo maana aliuliza, na maiki iko mdomoni, na mtoto yuko miguuni.

Msichana alikuwa amesimama mlangoni na vitabu vyake mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Ayeyo," akasema, "hivyo sivyo ulivyomjibu."

"Najua."

"Basi mjibu vizuri. Anangoja."

Akaja akainama juu ya bega langu, akarudisha nyuma kidogo, pale pale. Punda alishapita. Wa kumi na mbili, wa kumi na tatu, wa kumi na nne.

"Naa, chai iko wapi?"

"Chai haina miguu," nikamwambia. "Njoo uichukue."

Akacheka. Kisha kikombe, tik, na babu wa kumi na tano.